Miezi Sita Aliyopunguziwa Emese

Bi Thirza mpendwa, nisaidie kufikiri kama unavyowasaidia wasomaji wengine wa gazeti, maana nina miaka themanini na miwili na jambo kama hili sijawahi kulikuta, si vitabuni si maishani, na aliyelitenda ni mimi mwenyewe.

Nilivuka mpaka wa Hungaria kwa miguu mwaka 1956, uasi wetu ulipozimwa, nikiwa na miaka kumi na minne, nikafika mji huu wa jimbo la Kent, Uingereza, nikapata kazi ya kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, kwa mchapaji, miaka arubaini nikiwinda makosa ya wenzangu, kwa hiyo Juni iliyopita binti yangu Ildikó alipotaka kumwandikisha mwanawe Emese kwa mtihani wa kuingia ile shule ya kuchaguliwa yenye makoti ya kijani, nilimwambia, "Fomu niachie mimi, wewe una haraka," naye akacheka, "Haya baba, ila usiirudishe imejaa wino mwekundu," nami nikaijaza kwa kunakili kutoka daftari langu la tarehe za familia, ambalo mpaka leo naliandika kama tulivyofundishwa kwetu, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.

Emese alizaliwa tarehe nane Februari. Daftarini ni 2014, 02, 08. Fomu ilitaka siku kwanza, jicho langu likachukua 02, kisha 08 ikawa mwezi. Yaani mbili Agosti.

Nawe unajua alama zetu hapa hurekebishwa kwa umri: mtoto wa Agosti akijibu sawasawa na wa Februari huongezewa, kwa kuwa ameishi miezi michache. Kanuni hiyo nimeisoma mara tatu, na nakiri inanivutia kuliko inavyonitisha, kwamba watu wamekaa wakapima miezi sita ya utoto ina uzito gani.

Matokeo yalikuja Ijumaa. Zilitakiwa 321, Emese kapata 324. Ildikó alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, tukala tambi za mbegu za popi kana kwamba ni harusi, na Emese, ambaye hawezi kuiacha karatasi kabla hajaimaliza, akanivuta pembeni. "Babu, mbona wameandika nimezaliwa Agosti?"

"Ah, makarani hao."

"Basi wasahihishe. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaikunja barua. Kesho yake akaja tena: "Babu, kama kweli ningezaliwa Agosti, ningekuwa na akili zaidi au pungufu?" Nilichukua karatasi nikajaribu kukokotoa, lakini majedwali yao hawayatoi, kwa hiyo sijui kama miezi sita ni alama mbili au kumi na mbili. Ildikó hajui lolote, na ameshaanza kuulizia bei ya koti. Niambie, nikinyamaza nimeiba au nimeokota tu? Na nikisema, nitakuwa nimemvunja mjukuu wangu, au nimemrudisha mahali pake?

Kálmán, Kent

*

Mzee Kálmán, shikamoo, kisha uniwie radhi nikugombeze.

Kosa la Juni nimekusamehe. Fomu zimewashinda mawakili. Silisamehe la Ijumaa. Mtoto wa miaka kumi amekuuliza swali la kweli, na wewe ukamsingizia mtu ambaye hayupo. Unaniuliza kama umeiba au umeokota. Mzee wangu, aliyeokota huikunja barua?

Nafasi za shule ile zina idadi. Mahali fulani mjini yupo mtoto aliyepata 320 ambaye mama yake hakupiga kelele Ijumaa. Simjui, nawe humjui, lakini yupo.

Tena fikiria kalenda, kwa kuwa wewe ni mtu wa tarehe. Kabla ya kumpa kiti watataka cheti cha kuzaliwa. Wakigundua Machi, nafasi zinapotolewa, koti limeshanunuliwa na shule nyingine zimeshajaa. Ukisema sasa, kabla ya mwisho wa Oktoba, Ildikó bado anaweza kuzipanga upya shule kwenye fomu ya maombi ya nafasi. Ukimya wako unamlia mtoto siku zake za kuchagua.

Swali lake unaweza kulijibu. Akili yake ni ile ile, na majibu aliyaandika yeye. Rula ndiyo iliyowekwa vibaya. Alama zikihesabiwa upya huenda zikabaki 322, huenda zikawa 309. Wewe hujui, mimi sijui, wao wanajua. Mwambie hivyo hivyo. Mtoto anayeuliza vile atapenda kujua pamoja nawe.

Jioni ya leo mwambie Ildikó, Emese akiwepo: "Tarehe niliikosea mimi, si makarani." Atafoka. Mwache afoke, usimkatize na mambo ya mwaka 1956. Kesho asubuhi ipigieni ofisi ya mtihani, cheti kikiwa mezani, ombeni hesabu mpya, na jibu liwe kwa maandishi. Zikiwa chini kidogo ya 321, mwombeni mwalimu mkuu wake apeleke madaftari yake kwenye rufaa. Zikipungua sana, nendeni mkaitembelee ile shule ya bondeni isiyo na mtihani wa kuingia, bila nyuso za matanga. Nayo ina maabara na walimu, na akifika miaka kumi na sita mlango wa shule ya makoti ya kijani hufunguliwa tena.

Simu usimwachie binti yako. Wiki hii shule zimefungwa kwa likizo: piga wewe, Emese akiwa amekaa karibu nawe, na karani akiuliza nani aliyeijaza fomu, jibu kwa sauti ambayo mtoto ataisikia.