Maghubari ya Mama Yako

Mpwa wangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mwenyewe bila kusaidiwa, hata jirani kashangaa. Unauliza maghubari ni nini, kwa kuwa kila ukipiga simu mama yako anakwambia huku ni maghubari matupu. Umemuuliza anayejua. Ni yale mawingu meusi, mazito, ya mvua kubwa. Mimi niliwahi kuyakemea nikiwa juu ya paa naezeka mabati, yakageuza njia, nyumba ya watu haikulowa hata tone.

Ila huku jua linawaka, mpwa. Dada hukaa dirishani mchana kweupe, ananiambia, "Kaka, maghubari yametanda, anua nguo." Naanua, zimekauka kau. Akisinzia nazianika upya, ili kesho apate la kuniamrisha. Daktari alimmulika macho, akanivuta kando, akasema hayatarudi kuona.

Umeandika kwamba likizo huna mpaka mwakani. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini unajua dada tangu utotoni hajaamini hadithi yangu hata moja. "Kaka, fungua mlango uongo utoke," ndivyo asemavyo. Jana nikamwambia umo njiani unakuja. Hiyo kaiamini. Kaomba gauni lake la bluu, na kiti chake nikigeuze kitazame mlango.

Bado amekaa hapo. Nguo ziko kambani, na leo hajaniambia nizianue.

Ni mimi mjomba wako, bingwa wa mabati