Chupa Tatu za Kushinda Njaa

Nyumba za Wafanyakazi, Chumba Na. 4,
S.L.P. 61.
Jumanne, 9 Machi.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo huko uliko? Goti limeacha kulialia? Na mumeo, bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Mimi mzima, isipokuwa meno, ambayo yaliniaga zamani. Mwanao naye mzima, ila hasemi nami tangu Jumamosi. Nakuandikia uyasikie kwangu kwanza.

Unajua nafagia hii maabara anakosomea. Alikuwa na chupa tisa za maji ya bahari kwenye kabati la baridi. Ndani mna bakteria. Nimefagia miaka kumi na minne, sijamwona hata mmoja. Chupa tatu alizilisha kidogo kila siku. Tatu alizilisha mara moja tu, shibe ya siku ya kwanza. Tatu za mwisho hazikupata kitu. Alitaka kujua ni aina gani watabaki na nani atatawala.

Alhamisi akaenda kung'oa jino, akaniachia ufunguo na karatasi: "Chupa 7, 8 na 9 washinde njaa mpaka nirudi."

Sasa mwanangu, mimi shule niliishia darasa la nne. Nikaona mke wangu, yaani huyo binti yako, kaingiwa na huruma. Nikawasaidia waishinde: kijiko kimoja kila chupa, sukari yangu ya chai.

Aliporudi, maji yalikuwa meupe kama ya kufulia.

"Babu, umewafanya nini?"

"Wameshinda."

"Nilisema wakae na njaa!"

"Ungeandika wasipewe kitu. Mie nimeshinda njaa mara ngapi, na kikombe sijapewa!"

Hakucheka. Akanivuta kwenye hadubini. Katika chupa za kidogo kidogo, aina nyingi wamekaa pamoja, kila mmoja na chake. Katika zangu, aina moja tu, wanene warefu, wamejaa kama wajomba waliowahi harusini. Wale wadogo waliovumilia siku kumi na tisa bila kitu hawaonekani tena.

Nikamshauri nizivunje, tusingizie paka. Akanitazama vile marehemu mama yako alivyokuwa akinitazama, halafu akaenda mwenyewe kumwambia mwalimu wake. Mwalimu kasema bila chupa za njaa hana cha kulinganisha. Achote maji mapya, aanze upya, siku thelathini. Kwa hiyo mwisho wa mwezi usimtandikie kitanda. Haji, na kosa ni langu.

Ufunguo kaninyang'anya. Lakini leo nilipopangusa meza yake nililikuta daftari wazi: "Siku ya 19, chupa 7 hadi 9 zililishwa sukari kimakosa na babu yangu." Wafagiaji tuko watatu hapa. Angeandika "mfagiaji" tu, lawama tungegawana. Kaandika babu yangu. Nimeisoma mara tatu.

Nisalimie mumeo, shangazi yako mwenye maneno, na wale pacha watukutu. Mungu akulinde, akuongezee subira kwa baba uliyepewa.

Ni mimi akupendaye, hata ukinuna,
Baba