Saa Moja na Robo kwa Ndege

Nairobi, Jumapili mchana

Kaka Benedikto,

Shikamoo. Natumaini wifi na watoto hawajambo, na mguu wa Mama umepungua kuvimba. Mimi mzima, cherehani inazunguka, na wateja wa huku bado wanakicheka Kiswahili changu kwa kuwa nasema "samahani" hata wakikosea wao. Salamu zinatosha, kaka. Nina hasira, na nimeandika kwa sababu kwenye simu ukinisikia tu unasema mtandao unakata.

Baba alifariki Jumatatu. Mkamsubiri Joni, mdogo wetu, atoke Mwanza kwa mabasi, siku mbili nzima, mwili ukiwa mochwari Ifakara. Sawa, ni mtoto wake. Mimi ukanipigia Jumanne jioni ukasema, "Usijisumbue mdogo wangu, uko nchi nyingine, hutawahi."

Nani alikwambia nchi nyingine ndiyo mbali? Nairobi mpaka Dar es Salaam ni saa moja na robo kwa ndege. Chai waliyonipa ilikuwa bado ya moto wakatangaza tufunge mikanda, tunashuka. Kwa muda huo Joni hata Shinyanga hajafika. Lakini yeye hakugongewa muhuri kwenye pasipoti, basi mkamhesabu wa karibu. Jumatano saa tisa mchana mlipokuwa mnafukia, mimi nilikuwa kwenye basi hapo Mikumi. Mngengoja usiku mmoja tu. Alhamisi asubuhi bodaboda iliponishusha nyumbani kijijini Mbingu, nilikuta majirani wanakunja turubai, na baba mdogo akanipa pole kama mgeni aliyepita njia.

Kwa heshima ya msiba niliweka begi, nikaingia jikoni. Lakini tulipokuwa tunapepeta mchele, Mama alinisimulia kwamba Baba aliumwa siku kumi na mbili, na mara mbili aliuliza, "Odilia amefika?" Wewe ukamjibu, "Yuko mbali, Baba, nchi za watu." Siku hizohizo mimi ukaniambia ana malaria kidogo, eti hukutaka kunishtua nikiwa ugenini. Ningeshtuka, ndiyo. Ningeshtuka, nikapanda ndege, nikamkuta. Ulimdanganya yeye, ukanidanganya na mimi, na hilo leo siwezi kukusamehe. Najua ulibeba mengi peke yako. Bado nimekasirika.

Msomee Mama barua hii yote, usiruke mahali. Nisalimie wifi, na shangazi wa kijiji cha Mofu aliyenikorogea uji siku ile niliposhindwa kula. Baba mdogo naye mwambie mimi si mgeni pale.

Na Mama akiugua, hata kichwa tu, nipigie siku hiyohiyo. Sitaki tena kufika nikute kaburi, kaka. Nataka nimkute akiniuliza kwa nini nimekonda.

Ni mimi mdogo wako,
Odilia