Shemeji, Koleo na Mkono wa Mama

Shoga, nimemfukuza shemeji. Ndiyo, yule yule mume wa dada.

Nilikuwa uani nachoma steki. Wavu umeshika moto vizuri, nyama nimeipangusa ikakauka, nasubiri ishike rangi ndipo niigeuze. Mara huyo, kaninyang'anya koleo. "Wewe nyama huijui." Kwangu, mbele ya wakwe zangu.

Akaanza kuzigandamiza steki kama anapiga pasi. Nikamwambia, "Shemeji, acha, mafuta yanadondokea mkaa." Wapi. Moto ukaruka, ukamlamba mkono mama aliyekaa karibu na jiko.

Mama yangu, shoga. Mkono.

Unajua shemeji alisema nini? "Ona ulivyoacha mafuta mengi." Hata pole hakutoa. Hana haya hata ya kuazima.

Nikamwonyesha geti. Dada akaja juu, "Ukimtoa yeye, umenitoa na mimi." Nikamjibu, "Geti ni pana, litawatosha."

Wameondoka.

Mama kaloweka mkono kwenye beseni la maji. Nilijua atanigombeza kwa kumtoa mkwewe. Akaugeuza mkono majini, akasema taratibu, "Ulichelewa kumfukuza."