Mama, Nilimpeleka Wangari Mweiga

Mama,

Jumamosi nilimpeleka Wangari kwetu Mweiga. Huyu ni binti yangu wa pili, hukumwona. Wa kwanza alichukua jina la mama ya mume wangu Mwangi, vile desturi inataka, na huyu akachukua lako. Ana miezi saba na ana paji lako la uso. Sikuwa nimekanyaga huko tangu tukuzike.

Unajua nilipotea? Ati kupotea nikienda kwetu! Lami imefika karibu na lango, na ule ua wa miiba tuliokuwa tunatoroka chini yake wamekata wote. Nikapita kwetu mpaka kwa jirani. Mbwa wao ndiye alinitambua. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu.

Halafu nikamwona Baba. Amekuwa mdogo, Mama, suruali inamning'inia. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili akamwita vile babu humwita mjukuu mwenye jina la mkewe. "Bibi yangu! Umekuja kuniona?" Nikaangalia ile mikono. Wa kulia ndio ulikuvunja taya nikiwa darasa la nne, ukawa unakunywa uji kwa mrija. Sasa ulikuwa unampangusa mtoto mate.

Ndipo nikasikia mtu analia zizini.

Maina. Huyo kitindamimba wako, uliyekuwa unamfunika na mwili wako ndiyo ngumi zikupate wewe. Alikuwa anampiga Njoki, mke wake, na mpira wa maji wa kuoshea zizi, kwa sababu alichelewesha maziwa na lori likaenda. Njoki amejikunja kwenye mavi ya ng'ombe, damu inamtoka sikioni. Na kwa kila pigo Maina anasema maneno ya Baba, yale yale, "Nani mwenye hii boma? Nani?"

Nilimwachia Baba mtoto nikachukua jembe la meno la kuchimbia viazi. "Maina, wachana na yeye!" Aligeuka akanichapa shingoni. "Wewe umeolewa! Rudi kwenu Ruring'u!" Akainua mkono tena. Mama, sikuogopa. Nilimpiga mkono na mpini, nikasikia mfupa ukilia. Akapiga magoti. Nikageuza jembe, meno yakamwelekea usoni, na nilitaka. Nakuambia wewe peke yako. Nilitaka. Mambo ya ile nyumba yamo ndani yangu pia.

Njoki ndiye alinishika mguu. "Wifi, wacha. Utafungwa, na huyo mtoto atanyonya nani? Mimi?"

Baba alikuwa amesimama pale mlangoni na mtoto. "Acheni kelele," akasema, "bibi yangu analia."

Ati bibi yake analia! Miaka yote ile hakuwahi kusikia. Nikamnyang'anya mtoto. "Huyu si bibi yako, Baba. Usimwite hivyo tena." Midomo yake tu ndiyo ilikuwa inacheza.

Tulipofika hospitali Nyeri, nesi alimuuliza Njoki ni nini kimetokea. Njoki akajibu bila kupepesa macho, "Nimepigwa teke na ng'ombe."

Mama, nilikaa chini. Hayo ndiyo maneno yaliyosomwa kanisani siku ya mazishi yako. Niliyaandika mimi, kwa sababu walisema mwandiko wangu ni mzuri. Nilikuwa jikoni siku Baba alipokupiga mara ya mwisho, niliona kila kitu kupitia mlango, na bado nikaandika ng'ombe. Kanisa lote likakuombea. Nisamehe. Nisamehe, Mama.

Nikamwambia nesi, "Si ng'ombe. Ni ndugu yangu." Njoki alinikodolea macho, kisha akaanza kulia kwa sauti, na akasema yote, hata ya mwaka jana, mpaka nesi akaenda kutafuta karatasi nyingine.

Sasa Njoki anakaa na sisi Ruring'u. Mwangi alinung'unika ati nyumba ni ndogo, halafu akatoka, akarudi na godoro kichwani. Sikio moja bado halisikii vizuri. Lakini jana Njoki alicheka, Wangari alikuwa anakula sabuni.

Nilidhani nikimpa mtoto jina lako nitakuwa nimekurudisha. Nimeona jina halimkingi mtu. Hata wewe ulikuwa nalo.

Lala sasa, Mama, lala na ubavu usiouma. Jumatatu naenda polisi na Njoki aandikishe kesi yake. Akimaliza sitatoka. Nitakaa kwenye benchi mpaka waniite, niandikishe yako, vile nilivyoiona nikiwa jikoni. Wakiniambia hiyo ni ya kitambo, nitarudi Jumanne.

Mtoto wako,
Wambui