Boga la Kichanjani

Jumatatu, 11 Novemba
Mama mkwe karudi kutoka Kitai, alikokwenda kumwona wifi aliyejifungua. Nilitaka akute chakula cha maana. Tangu niolewe hapa Maguu naitwa Mnyasa, mtu wa ziwani, wa dagaa usipa na ugali wa muhogo tu. Ni utani, najua. Lakini unachosha.

Unga wa ngano ulikuwa haba. Nikakumbuka chapati nilizoziona kwenye simu. Juu ya mafiga, kichanjani, kulikuwa na boga limejaa masizi — nikadhani limesahaulika! Nikalisugua, nikalichemsha, nikaliponda na vitunguu, pilipili na chumvi, nikakandia unga. Zikatoka za njano, laini. Mume wangu Kilian alikula mpaka akalegeza mkanda. Mama alitafuna polepole, akasema zina ladha ya moshi. Akachukua ya pili.

Mbegu nilizikaanga nikazitafuna zote peke yangu huku nasukuma. Tamu kweli. Leo nimejisikia mke wa mtu.

Jumanne, 12 Novemba
Asubuhi Mama alikuwa anapekua jalala kwa kijiti. Nikamwamkia, nikauliza kapoteza nini. Akasema hakuna kitu.

Jumatano, 13 Novemba
Mvua ya kwanza! Kilian ananoa jembe, ananieleza shamba: ngoro, yale mashimo yao ya mlimani, mahindi, maboga katikati. Nikauliza mbegu za boga wananunua wapi. Akacheka. Hapa hazinunuliwi. Boga zuri kuliko yote huwekwa juu ya moshi lisiguswe na wadudu, likangoja mvua. La Mama asili yake ni kwa mama yake, kijijini Namswea. Wanawake wa huku wote huja kuomba mbegu kwake.

Mwaka huu limebaki moja. Mengine yalioza.

Nilienda kukaa nyuma ya banda la kuku. Masikio yanawaka kwa aibu. Kwetu Liuli boga likiingia jikoni linaliwa, basi! Kilian anadhani lile la juzi nilinunua gulioni. Sikumwambia. Nitamwambia Mama kesho.

Alhamisi, 14 Novemba
Sikumwambia.

Ijumaa, 15 Novemba
Mama kapanda kwenye kigoda, kapapasa kichanja sisi tukimwona. Akauliza taratibu nani aliingia jikoni alipokuwa Kitai. Kilian akawahi: Vitalia wa jirani, alikuja kuomba moto.

Nilikuwepo. Nimeshika sufuria. Vitalia aliyeniazima kitenge Jumapili yangu ya kwanza kanisani hapa, nisionekane mgeni. Nikanyamaza! Mama akanitazama muda mrefu.

"Haya," akasema.

Najichukia.

Jumamosi, 16 Novemba
Kilian hafungi mdomo, habari zimeenea. Leo bombani waliisogeza ndoo ya Vitalia pembeni, akateka wa mwisho. Akaja kuniuliza mimi — mimi! — kama nimesikia anasemwa nini. Nikasema sijui. Akanisaidia kujitwika.

Jumapili, 17 Novemba
Baada ya misa wanawake wamekuja na vibakuli vyao kuomba mbegu. Vitalia naye kaja, lakini kasimama mlangoni, hakuna aliyemsogezea mkeka. Nilitaka ardhi inimeze. Mama hakuwajibu habari za mbegu. Kaleta boga la gulioni, kaniambia nipike zile chapati zangu, wageni waonje.

Nimepika. Mbili zimeungua. Wamekula, wamesifu, wakasema kumbe Mnyasa anajua kupika. Mama kamega kipande, katafuna polepole vilevile.

"Hizi hazina moshi, Luisa," kasema. "Za Jumatatu boga lake lilitoka wapi?"

Alijua. Tangu tonge la kwanza! Kumbe jalalani alikuwa anatafuta mbegu zake, walau chache. Nami nilikwishazitafuna zote. Siku zote hizi alikuwa ananingoja mimi niseme, na mimi nimemwacha Vitalia asimame mlangoni kama mwizi.

Nimesema naenda kuchukua chumvi. Niko chumbani, naandika ovyo, mlango nimeurudishia. Kopo la chumvi liko palepale mkekani, mbele yao. Wote wanaliona.

Kilian kaniita mara moja. Sasa nasikia sauti ya Vitalia, bado iko mlangoni.

"Mwacheni," anasema. "Anakuja."