Kimo cha Kadzo

Jumanne, usiku

Eti mfupi. Mwalimu wa michezo amemtoa mjukuu wangu Kadzo kwenye timu ya softiboli itakayokwenda Malindi Jumamosi, kwa kuwa mrushaji anatakiwa awe mrefu.

Nimemfuata mwenyewe hadi uwanjani. Akaniambia, "Shikamoo, bibi. Mtoto mkono anao, lakini hicho kimo! Timu nyingine zitatucheka."

"Marahaba. Na wale wasichana waliokuwa wakipiga hewa jana, yeye akiwarushia, walicheka?"

Akaangalia viatu vyake. Lakini jina hakulirudisha.

Ufupi huo kautoa kwangu mimi hawe, bibi yake, ndiyo maana unaniuma. Mimi shule sikuiona. Herufi hizi kanifundisha Kadzo, meno yangu yameshang'oka, na hata siku moja hakuniambia nimechelewa.

Kila jioni huutwanga mpira wake kwenye ukuta wa jiko, mkono ukizunguka kama upepo, udongo ukibanduka. Nami humfokea, "We mwana, utanilaza nje!" Asubuhi nakandika upya. Leo ukuta kimya.

Nikamwambia, "Rusha. Bomoa jiko lote, nitakandika."

"Ya nini, hawe? Kwani nitarefuka?"

Nikachukua jembe, nikatoka.

Nimekanda udongo ndoo nzima, nimeuweka mlangoni auone akiamka. Ukikauka bila kazi, nitakanda mwingine.